Filamu za mizimu

Filamu za mizimu ni aina ya filamu ambazo kisa chake kinahusu roho ya mtu aliyekufa inayorudi, au inayobaki, miongoni mwa watu walio hai. Mara nyingi ndani yake yumo pia mwaguzi, yaani mtu anayeona, kusikia au kuzungumza na wafu, ama kwa kweli ama kwa ulaghai.

Aina hii ina umri karibu sawa na sinema yenyewe, kwani filamu zenye mizimu zilianza kutengenezwa mwaka 1896. Baadhi yake hutisha, nyingine huchekesha na nyingine ni za mapenzi. Kinachoziunganisha ni kwamba mzimu haurudi bure: kuna mauaji yaliyofichwa, kaburi lisiloheshimiwa, ahadi iliyovunjwa, au mtu aliye hai ambaye hajakubali kwamba mwenzake amekwenda. Kwa sababu hiyo filamu nyingi za mizimu huwa zinahusu zaidi deni la walio hai kuliko wafu wenyewe.

Istilahi na mipaka

Katika jamii nyingi za Kibantu mizimu ni roho za wahenga. Hukumbukwa, hupewa sadaka na huombwa msaada; si lazima wawe adui wa mtu. Neno *kuzimu*, yaani mahali pa wafu, lina mzizi huohuo. *Mzuka* ni kitu kinachozuka mbele ya macho ghafla na kumtia mtu hofu. Filamu za Ulaya na Marekani huonyesha zaidi mzuka, ilhali filamu nyingi za Afrika na Asia huuchukulia mzimu kama ndugu ambaye bado ana haki zake.

*Jini* na *pepo* ni viumbe wengine, kwa kuwa hawakuwahi kuwa binadamu. Hivyo filamu kama *The Exorcist* (1973), inayohusu msichana aliyepagawa na pepo, iko jirani na aina hii lakini haimo ndani yake. Vivyo hivyo filamu za wafu wanaotembea: humo mwili ndio unaorudi bila roho, wakati katika filamu za mizimu roho ndiyo inayorudi bila mwili.

Asili

Kabla ya sinema watu walikwisha kulipa kiingilio ili waone mizimu. Mwaka 1798 mjini Paris, Étienne-Gaspard Robert, aliyejulikana kwa jina la Robertson, alianza maonyesho ambamo picha za wafu zilimulikwa kwa taa juu ya moshi na pazia ndani ya chumba chenye giza. Mwaka 1862 mjini London, John Henry Pepper alionyesha mbinu nyingine: kioo kikubwa kiliwekwa kimeinama jukwaani, na mwigizaji aliyefichwa chini alimulikwa taa kali. Watazamaji waliona taswira yake ikielea kati ya waigizaji wengine, na waliweza kuona vitu vilivyokuwa nyuma yake.

Wakati huo kulikuwa na harakati ya watu walioamini kwamba wafu huzungumza. Ilianza mwaka 1848 katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, ambako dada wawili, Kate na Maggie Fox, walidai kwamba milio ya kugonga iliyosikika nyumbani kwao ilitoka kwa marehemu. Imani hiyo ilienea Marekani na Uingereza, na ilipata nguvu zaidi baada ya Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo familia nyingi zilipoteza vijana wao. Mwaka 1888 Maggie Fox alitangaza hadharani kwamba milio ile waliifanya kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata aliyakana maneno hayo.

Katika miaka ya 1860 mpiga picha William Mumler wa Boston aliwauzia wafiwa picha zao zenye kivuli cha marehemu nyuma yao. Alishtakiwa kwa ulaghai mjini New York mwaka 1869 lakini aliachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Njia ya kupata picha za namna hiyo, yaani kupiga picha mbili juu ya bamba moja, ndiyo iliyotumiwa baadaye na watengenezaji wa filamu wa kwanza.

Historia

Sinema bubu

Mfaransa Georges Méliès alitengeneza *Le Manoir du diable* mwaka 1896. Ni filamu ya dakika tatu hivi, yenye shetani, mifupa ya mtu na vivuli vinavyotokea na kutoweka. Mwaka 1898 Mwingereza George Albert Smith, ambaye zamani alifanya maonyesho ya jukwaani ya kusoma mawazo ya watu, alitoa *Photographing a Ghost*, kichekesho kuhusu mpiga picha anayeshindwa kuupiga picha mzimu.

Filamu ya kwanza ya aina hii kupewa heshima ya kudumu ni *Körkarlen* ya Uswidi, iliyotolewa tarehe 1 Januari 1921. Iliongozwa na Victor Sjöström, ambaye pia ni mwigizaji mkuu, kutokana na riwaya ya Selma Lagerlöf. Kisa kinasema kwamba mtu wa mwisho kufa katika mkesha wa Mwaka Mpya lazima aendeshe gari la Kifo kwa mwaka mzima, akikusanya roho. Zamu inamwangukia David Holm, mlevi aliyeiharibu familia yake, naye anaonyeshwa mabaya yote aliyoyafanya. Mpiga picha Julius Jaenzon alirudia kupiga juu ya filamu ileile mara kadhaa ili roho zionekane zikipita kwenye kuta na juu ya bahari.

Miaka ya 1940

Kwa muda mrefu Hollywood ilitumia mizimu kwa vichekesho tu, au mwishoni ilieleza kwamba "mzimu" ulikuwa hila ya mhalifu. *The Uninvited* (1944) ya Lewis Allen ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za huko kuuchukulia mzimu kuwa jambo la kweli ndani ya hadithi. Mwaka 1945 Uingereza ilitoa *Blithe Spirit* ya David Lean, kutokana na tamthilia ya Noël Coward: mwandishi anamwalika mwaguzi nyumbani kwa utafiti wa kitabu, na mke wake wa kwanza aliyekufa anarudi na kukataa kuondoka. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Oscar kwa mbinu zake za picha.

Japani na India

Japani ina mapokeo marefu ya hadithi za wafu wenye kinyongo. Kenji Mizoguchi aliongoza *Ugetsu* (1953), kutokana na visa vya Ueda Akinari vilivyochapishwa mwaka 1776. Mfinyanzi Genjurō anaiacha familia yake wakati wa vita ili akauze vyombo mjini, na huko anavutwa na mwanamke ambaye kumbe ni mzimu. Anaporudi nyumbani, mkewe Miyagi anampokea, anampa chakula na kumlaza. Asubuhi majirani wanamwambia kwamba Miyagi aliuawa na askari. Filamu hiyo ilipata Simba wa Fedha katika tamasha la Venice. Mwaka 1964 Masaki Kobayashi alitoa *Kwaidan*, yenye visa vinne vilivyotokana na vitabu vya Lafcadio Hearn, na mwaka 1965 ikapata Tuzo Maalumu ya Majaji huko Cannes.

Nchini India, *Mahal* (1949) ya Kamal Amrohi, iliyochezwa na Ashok Kumar na Madhubala, iliweka mtindo wa jumba kuukuu na wimbo unaosikika bila mwimbaji kuonekana. *Madhumati* (1958) ya Bimal Roy, nyota wake wakiwa Dilip Kumar na Vyjayanthimala, inasimulia juu ya msichana aliyefia kwenye jumba la bwana mkubwa na jinsi ukweli unavyomfikia muuaji. Ilishinda tuzo tisa za Filmfare.

Nyumba yenye mizimu

*The Innocents* (1961) ya Jack Clayton inatokana na hadithi ya Henry James ya mwaka 1898. Deborah Kerr anacheza mlezi wa watoto wawili anayeamini kwamba watumishi waliokufa wanawaharibu watoto hao. Mtazamaji haambiwi kamwe kama mizimu ipo au iko kichwani mwa mlezi. Katika *The Haunting* (1963) ya Robert Wise, iliyotokana na riwaya ya Shirley Jackson, hakuna mzimu hata mmoja unaoonekana. Kuna vishindo ukutani, baridi, na mlango wa mbao unaovimba kana kwamba kitu kinausukuma.

Katika *Poltergeist* (1982), iliyoongozwa na Tobe Hooper na kutayarishwa na Steven Spielberg, familia inahamia mtaa mpya uliojengwa juu ya makaburi. Kampuni ya ujenzi ilihamisha mawe ya makaburi lakini iliwaacha maiti palepale, nao wenye makaburi wanakuja kudai.

Kutoka Ghost hadi The Sixth Sense

*Ghost* (1990) ya Jerry Zucker iliuchanganya mzimu na mapenzi, upelelezi na kichekesho. Sam (Patrick Swayze) anauawa kwa njama ya rafiki yake wa kazini, kisha anabaki duniani ili amwokoe mchumba wake Molly (Demi Moore). Iliingiza zaidi ya dola za Marekani milioni 500 na kuongoza kwa mapato duniani mwaka huo. Bruce Joel Rubin alipata Oscar ya mswada bora, na Whoopi Goldberg alipata ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Goldberg alikuwa mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, baada ya Hattie McDaniel aliyeipata mwaka 1940.

*The Sixth Sense* ilitolewa Agosti 1999 na iliongozwa na M. Night Shyamalan, mzaliwa wa India aliyekulia Marekani. Daktari wa akili za watoto (Bruce Willis) anamtibu mtoto Cole (Haley Joel Osment), ambaye anaona wafu wasiojijua kuwa wamekufa. Mwanzoni daktari anataka kumponya mtoto asiwaone. Baadaye anamshauri awasikilize, na Cole anagundua kwamba wanachotaka ni msaada: msichana mmoja aliyewekewa sumu na mama yake anataka baba yake ajue ukweli. Mwishoni daktari anatambua kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa wafu hao. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 670 na iliteuliwa kwa Oscar sita, ingawa haikushinda hata moja.

Filamu mbili za mwaka 2001 zilizoongozwa na wazungumzaji wa Kihispania zinalinganishwa nayo mara kwa mara. *The Others* ya Alejandro Amenábar, iliyochezwa na Nicole Kidman, inamhusu mama na watoto wake katika kisiwa cha Jersey mwaka 1945. *El espinazo del diablo* ya Guillermo del Toro inamhusu mtoto aliyeuawa katika kituo cha yatima wakati wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Hispania.

Asia tangu mwaka 1998

*Ringu* (1998) ya Hideo Nakata ilihamisha mzimu kutoka jumba kuukuu hadi kwenye kanda ya video: anayeitazama hufa baada ya siku saba. Hollywood iliirudia mwaka 2002. Nchini Thailand, *Nang Nak* (1999) ya Nonzee Nimibutr inasimulia juu ya mke aliyekufa kwa uzazi mume wake akiwa vitani, lakini akampokea aliporudi kana kwamba yu hai. Mhusika huyo ni wa hadithi za watu, na mjini Bangkok lipo hekalu dogo ambako waumini humpelekea sadaka. Mwaka 2010 *Uncle Boonmee* ya Apichatpong Weerasethakul, ambamo marehemu mke anakuja mezani wakati wa chakula cha jioni bila mtu kukimbia, ilipata Palme d'Or huko Cannes.

Waaguzi katika filamu

Mwaguzi wa filamu huwa wa namna tatu.

Wa kwanza ni laghai. *Nightmare Alley* (1947) inaonyesha jinsi mtu wa maonyesho (Tyrone Power) anavyojifunza kusoma nyuso na kutumia maneno ya siri na mwenzake, kisha anawalaghai matajiri waliofiwa. Guillermo del Toro aliirudia mwaka 2021.

Wa pili ni mwenye kipawa cha kweli ambacho ni mzigo kwake. Mfano ni Cole wa *The Sixth Sense*, na pia mwanamke kipofu wa *Don't Look Now* (1973) ya Nicolas Roeg, anayewaambia wazazi waliofiwa kwamba amemwona binti yao. Baba anakataa kuamini, na kutokuamini kwake kunamgharimu maisha, maana yeye mwenyewe alikuwa na kipawa hicho bila kujua.

Wa tatu ni laghai anayeshtuka kugundua kwamba kipawa chake ni cha kweli. Oda Mae Brown wa *Ghost* ndiye maarufu kuliko wote.

Matumizi ya pekee yamo katika *Rashomon* (1950) ya Akira Kurosawa. Samurai aliyeuawa anatoa ushahidi mahakamani kupitia kinywa cha mwaguzi wa kike. Maelezo yake yanapingana na ya mashahidi wengine, na hivyo filamu inadokeza kwamba hata wafu husema uongo ili kulinda heshima yao.

Mbinu za kuonyesha mizimu

* *Picha mbili juu ya filamu moja*: mwigizaji hupigwa picha tena juu ya mandhari iliyokwisha kupigwa, akaonekana kama moshi. Ilitumika sana katika sinema bubu.
* *Kutoonyesha*: sauti, kivuli na uso wa anayeogopa hutosha, kama katika *The Haunting*.
* *Mwendo usio wa kawaida*: katika *Ringu* mwigizaji wa mzimu alitembea kinyumenyume, kisha picha ikarudishwa mbele, ndiyo maana mwendo wake hauonekani wa binadamu.
* *Ishara ndogo*: katika *The Sixth Sense* pumzi huonekana kwa baridi mfu anapokasirika, na rangi nyekundu huonyesha mahali ambapo ulimwengu mbili zinagusana.

Mizimu katika filamu za Afrika

*Living in Bondage* (1992), iliyotayarishwa na Kenneth Nnebue kwa lugha ya Kiigbo, ndiyo filamu ya video iliyoipa nguvu tasnia ya Nollywood. Andy Okeke anamtoa mkewe Merit kafara ili apate utajiri. Utajiri unakuja, lakini mzimu wa Merit unamwandama hadi akili inamruka. Kisa hiki cha mali iliyopatikana kwa damu kilirudiwa katika filamu nyingi za Nigeria na Ghana, na kanda zake zilitazamwa pia Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, mwongozaji Mussa Banzi alitengeneza *Nsyuka* na *Shumileta* katika miaka ya 2000, wakati filamu za video za Kiswahili zilipokuwa zikienea.

*Atlantique* (2019) ya Mati Diop ilipata Tuzo Kuu ya Majaji (Grand Prix) huko Cannes. Vijana wa Dakar wanaojenga mnara wa kifahari hawajalipwa mishahara kwa miezi kadhaa. Wanapanda mtumbwi kwenda Hispania na wanazama. Usiku roho zao zinawaingia wasichana wa mtaani, nao wanakwenda nyumbani kwa tajiri kudai pesa. Baada ya kulipa, analazimishwa kuwachimbia makaburi, kwa kuwa waliofia baharini hawana kaburi.

*His House* (2020) ya Remi Weekes, filamu ya Uingereza, inawahusu Bol na Rial, wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliopewa nyumba nchini humo. Wamempoteza mtoto baharini, na sasa kuna kitu ndani ya kuta. Polepole inajulikana kwamba mtoto yule hakuwa wao: Bol alimchukua kwa mama yake ili wapate nafasi ndani ya basi. Tofauti na familia za filamu za Marekani, hawa hawawezi kuhama, maana wakiondoka watapoteza haki ya hifadhi. Mwishoni hawaifukuzi mizimu. Wanajifunza kuishi nayo.

Mapokezi na mjadala

Walimu wengi wa dini huzikosoa filamu hizi. Biblia, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inakataza kuwauliza wafu. Katika mafundisho ya Kiislamu yaliyoenea, roho ya marehemu iko barzakh hadi siku ya ufufuo, na kinachoonekana usiku kwa sura ya marehemu huelezwa kuwa ni jini.

Kwa upande wa sayansi, hakuna uaguzi uliothibitishwa kwa majaribio yenye udhibiti. Taasisi ya mwanamazingaombwe James Randi iliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayeonyesha uwezo huo, na ahadi ilifungwa mwaka 2015 bila mshindi. Tahadhari inahitajika pia kwa filamu zinazotangazwa kuwa "kisa cha kweli". *The Amityville Horror* (1979) ilitangazwa hivyo, lakini William Weber, wakili wa mtu aliyewaua jamaa zake katika nyumba hiyo, alisema kwamba hadithi ya mizimu ilitungwa.

Hata hivyo, anayetazama filamu hizi si lazima aamini mizimu. Miyagi, Cole na vijana wa Dakar wanahusu mambo yanayojulikana kwa kila mtu aliyewahi kufiwa: neno ambalo halikusemwa, haki ambayo haikutolewa, na ugumu wa kumwacha marehemu aende zake.

Tazama pia

* Filamu za kutisha
* Mizimu
* Jini
* Ramli
* Nollywood
* Sinema bubu